Tulivyoishika Ndege ya Neema

Tangu turudi, kila anayeingia saluni kwangu anakaa kwenye kiti, anafungua kitambaa, na kabla sijashika kitana ananiuliza: "Nekesa, hebu sema, ni kweli?" Nimesimulia mpaka koo limekauka, na kila mara kuna mmoja anayeingia katikati na kutaka nianze upya. Basi leo nimekaa niandike yote, tangu tulipoondoka Kakuma mpaka tuliporudi. Habari za vibali na za simu nilizopiga kutafuta mahali pa kulala nimeziruka. Hazina utamu.

Kakuma hadi kwenye laga

Wanaonijua wanajua ugonjwa wetu. Mimi nasuka nywele hapa mjini Kakuma, na mlango wa pili ni wa Achol, aliyetoka Sudan Kusini akiwa msichana na sasa anauza chai, kisra, ule mkate mwembamba wa kwao, na mchuzi wa karanga. Mchana jua likiwafungia wateja majumbani, tunaketi wawili na simu moja kutazama ndege za mashindano, zile ndogo zinazozunguka nguzo huku bawa moja limeelekea chini utadhani linataka kuchora mchanga. Wengine wana mpira wao. Sisi tuna ndege. Na katika marubani wote tulimchagua Neema, mwanamke wa Moshi, Tanzania, mwenye ndege ya rangi ya machungwa.

"Huyu anapinda kona kama mtu ameacha sufuria kwa moto," Achol alisema siku ya kwanza tulipomwona. Tangu siku hiyo alikuwa wetu.

Kwa hiyo fikirini tulivyoruka tuliposikia mashindano yanakuja Turkana! Siku ya kwanza ndege zingetoka Lodwar, zigeuke juu ya Kakuma na kurudi Lodwar. Siku ya pili zingezunguka nguzo kwenye uwanda wa mchanga karibu na Kalokol, kando ya ziwa. Majirani walituambia tukae tu, ndege zitakuja zenyewe juu ya mabati yetu. Lakini hapa zingepita tu kama tiara. Sisi tulitaka kuziona zikitua, na tumwone Neema akivua kofia.

Dereva wetu alikuwa Ekal, Mturkana mwenye Probox nyeupe, mtu wa maneno machache na yote ya kupinga. Alikuwa anakwenda Lodwar kumwona dada yake, ndiyo maana akakubali kutubeba.

"Ndege ni ya kubeba mgonjwa," alituambia tukipakia. "Sasa hii ya kukimbizana huko juu, nani ameiba mbuzi ya nani?"

Achol alipakia chupa mbili za chai, kisra iliyokunjwa ndani ya kitambaa, na sufuria ya mchuzi wa karanga aliyoifunga kwa mpira wa baiskeli. Nikamwambia Lodwar kuna hoteli. Akanitazama kwa huruma, akaniita kwa mtindo wa kwao. "Ya Nekesa, barabara haina hoteli."

Tuliondoka alfajiri. Hewa ilikuwa baridi kidogo, lami nyeusi imenyooka mbele yetu, ngamia wamesimama pembeni kama watu wanaosubiri kuitwa. Tulikuwa tumeanza hata kuimba. Hatujafika nusu ya njia, Ekal akapunguza mwendo, akasimama, akazima gari.

"Laga imekuja," akasema.

Kwa msomaji asiyejua kwetu, laga ni mto wa mchanga. Karibu mwaka mzima unavuka na viatu vyako bila kuona tone la maji. Lakini mvua ikinyesha kule milimani usiku, asubuhi unakuta maji ya rangi ya chai ya maziwa yamejaa ukingo kwa ukingo, yanabeba magogo. Hapa mbele yetu barabara iliingia majini na kutokea ng'ambo. Kule ng'ambo malori yalikuwa yamepanga foleni. Upande wetu tulikuwa sisi, basi moja, na abiria wake walioketi chini ya vichaka vya miiba vya mathenge.

"Itapungua saa ngapi?" nikauliza.

"Ikichoka," akajibu Ekal.

Ukingoni

Kwanza nilinuna. Baadaye tukasikia mngurumo, tukaruka wote. Ndege ya kwanza ilipita juu ya barabara, chini sana, ikielekea Kakuma. Kivuli chake kikatambaa juu ya basi. Ikaja nyingine, na nyingine. Achol alikuwa akipiga vigelegele, na abiria ambao hawakujua hata kama kuna mashindano wakaanza kushangilia pamoja naye. Ya rangi ya machungwa ilipopita, tulipiga kelele mpaka mtoto mmoja wa basi akaanza kulia.

"Hiyo ndiyo yenu?" Ekal akauliza, akijifanya anafuta kioo.

"Ndiyo hiyo!"

"Haya. Imeenda."

Tulijua zitarudi njia ileile, tukasubiri kwa shingo zilizopinda. Zikaanza kurudi. Ya kijani. Ya bluu. Nyeupe mbili zikifuatana. Ya machungwa tuliisikia kabla ya kuiona, na sauti haikuwa ile ya kwanza. Ilikuwa inakohoa. Inanguruma, inakata, inanguruma tena. Achol akanishika mkono, kucha zikaniingia.

Ndege ilishuka nyuma yetu, upande wa Kakuma, mahali barabara imenyooka. Iligusa lami, ikadunda kidogo, ikagusa tena, ikaviringika ikija kwetu, kisha ikasimama mbali kiasi cha kwamba mtu ukimwita anasikia. Pangaboi likazunguka mara ya mwisho, likanyamaza.

Mlango ukafunguka, akashuka mwanamke mfupi mwenye nywele za kusuka mistari iliyolegea (niliona, ni kazi yangu), akavua kofia.

"Habari za asubuhi, ndugu zangu," akasema kwa sauti ya upole kabisa. "Samahanini sana kwa usumbufu. Naombeni radhi, nimelazimika kutua barabarani kwenu."

Sisi hatujazoea kuombwa radhi hivyo. Watu wa basi walitazamana. Achol hakungoja. Alikuwa amekwisha kufika na kikombe.

"Wewe kuja! Kaa! Kunywa!"

Neema alishtuka, nadhani alifikiri anakamatwa. Kisha akaona chai, akacheka, akaipokea kwa mikono miwili huku amepiga goti kidogo. "Asante, mama. Shikamoo."

"Ee, shika," Achol akamjibu, akimkazia kikombe mkononi. "Shika vizuri, ni moto."

Nilicheka mpaka machozi. Ikabidi nimfafanulie Achol kwamba ile ni salamu ya heshima, na nimfafanulie Neema kwamba hapa amri ni namna ya kupenda.

Alituambia injini imeanza kukohoa angani na anahisi maji yameingia kwenye mafuta. Alikuwa ameshazungumza na wenzake kwa redio kwamba yu salama. Alilala chini ya bawa, akafungua kibomba kidogo, akakinga kwa kikombe cha plastiki kinachoonyesha ndani. Kweli: maji yalikuwa yamekaa chini na mafuta juu. Akamwaga, akakinga tena, akamwaga, mpaka kikatoka kikombe kisafi. Wakati huo upepo ulikuwa umeanza. Mnaujua upepo wetu wa asubuhi. Bawa moja likainuka kama kuku anayetaka kuruka, na Neema akapiga kelele kwa mara ya kwanza.

"Ishikeni! Hapa kwenye mhimili, si pembeni! Jamani, ishikeni!"

Tukaishika. Mimi na Achol upande mmoja, abiria wa basi upande wa pili. Nataka mnielewe: ndege tuliyokuwa tunaitazama kwenye simu yenye ufa, sasa ilikuwa inatetemeka mikononi mwangu, na ilikuwa nyepesi kuliko nilivyofikiri, na ilinuka mafuta na jua.

Ndipo akaja yule bibi na mbuzi wake. Alitokea vichakani, shanga zimejaa shingoni, fimbo begani, na moja kwa moja akamfuata Neema.

"Ejok," akatusalimu.

"Ejok nooi, Ata," Ekal akamjibu kwa niaba ya wote. Bibi akaongea Kiturkana kwa kirefu. Ekal akajikuna kichwa.

"Anasema daktari amechelewa. Mbuzi yake inachechemea tangu juzi."

"Mwambie mimi si daktari," Neema akasema.

Ekal akamwambia. Bibi akajibu kwa maneno mawili.

"Anasema ndege ndogo kila siku inaleta daktari. Hiyo nguo yako pia ni ya daktari."

Na mbuzi walikuwa wamejaa barabarani mbele ya ndege, na bibi amesimama katikati yao, hana haraka hata kidogo. Neema alimtazama, akatazama upepo, akachukua koleo kwenye mfuko wake wa vifaa. Akapiga magoti juu ya lami, akaushika mguu wa yule mgonjwa, mbuzi mwekundu, akachungulia kwatoni. Kilitoka kipande cha mwiba kirefu kama sindano yangu ya kushonea nywele. Bibi akautemea mate mwiba, akamtemea mate Neema kiganjani kwa baraka, akapiga mluzi. Mbuzi wote wakatoka barabarani mara moja.

"Sasa hiyo," akasema Ekal polepole, "ndiyo kazi ya ndege."

Likaja tatizo la pili. Maji yalikuwa yanapungua. Asubuhi nzima tulikuwa tumeomba yapungue, na sasa Achol alikuwa anayaambia, "Bado, bado kidogo!" Maana yakipungua, malori ya ng'ambo yangevuka yote kwa pamoja, na Neema asingepata barabara tena. Na kutoka nyuma, upande wa Kakuma, lori lilikuwa linakuja tayari na honi imekandamizwa.

Nilidhani Ekal amekimbia. Kumbe aliwasha Probox, akaipita ndege kwa pembeni mwa barabara, akaenda kuiweka mbele ya lori, imelala kabisa kutoka ukingo hadi ukingo. Gari lake, ambalo haturuhusiwi hata kufunga mlango kwa nguvu!

Dereva wa lori alishuka akifoka. "Barabara ni ya magari! Mimi niko na safari!"

"Na huyu ako na safari," Ekal akamjibu, mikono kifuani.

"Toa hiyo kitu yako!"

"Ngoja."

Niliona mambo yanaharibika. Achol akamwachia mtu mwingine bawa, akachukua sufuria yake, akaenda. Sikusikia alichomwambia. Nilichoona ni dereva amekaa kwenye ngazi ya lori lake, anachovya kisra kwenye mchuzi wa karanga, na honi imenyamaza.

Neema akaniita. "Dada, unaitwa nani?"

"Nekesa."

"Nekesa, nitaelekea Kakuma, upepo unanipiga pembeni, siwezi kuona yote ya mbele nikiwa chini, pua ya ndege inaniziba. Simama pale pembeni. Barabara ikiwa tupu, inua leso yako. Ukiishusha, nazima. Sawa?"

Nilisema sawa. Watu wakaigeuza ndege, pua ikatazama Kakuma. Lori na Probox zilisogea mbali kando ya barabara, dereva mwenyewe akaongoza, mdomo bado umejaa. Nikafika nilipoambiwa. Injini ikawaka, ikasafisha koo, ikakaa sauti moja. Nikatazama kulia, kushoto. Nikainua leso.

Ndege ikaanza kusogea, na yule mbuzi mwekundu, aliyepona sasa, akaja mbio kutoka vichakani akimtafuta bibi yake. Akasimama katikati ya mstari mweupe.

Nilishusha leso kwa nguvu mpaka ikachanika upande. Sauti ya injini ikaanguka. Nikamrukia yule mbuzi, nikamkosa, nikamrukia tena, nikamdaka mguu, tukaviringika wote wawili hadi kwenye changarawe. Nikakaa juu yake. Na nikiwa nimekaa juu yake, nikainua leso.

Mara hii aliondoka. Alikuja akikua, akikua, mkia ukanyanyuka, kisha kati ya magurudumu na lami nikaona jua. Alipita juu yangu, upepo wake ukanijaza mchanga mdomoni. Nilipiga kelele nisizozijua. Kila mtu alipiga kelele. Dereva wa lori alikuwa amepanda juu ya paa la lori lake, anapunga sufuria ya Achol.

Laga hadi Lodwar

Tulivuka mchana, maji yakiwa chini ya magoti, Ekal akiongea na Probox kwa Kiturkana cha kubembeleza. Lodwar ilikuwa imejaa. Tulikula ugali na samaki wa kukaanga kwa dada yake Ekal, mwanamke mchangamfu aliyetutazama tulivyojaa vumbi akauliza kama tulikuja kwa miguu.

Hapo ndipo furaha yangu ilipotiwa maji. Mjini walikuwa wanasema Neema ametolewa. Aliyetua nje ya kiwanja, walisema, ameshindwa, sheria ni sheria. Achol aliacha kula. Tulikuwa tumemsaidia kuruka, sasa ikawa kama hatukumsaidia kitu.

Ekal aliinuka, akatoka. Alirudi jua likizama.

"Nimeuliza kwa lango la kiwanja," akasema. "Hajatolewa. Kutua kwa usalama si kosa. Lakini saa yake ilikuwa inaendelea kuhesabu, kwa hivyo ako nyuma ya wote. Kesho wa nyuma anaruka kwanza."

"Wewe umeenda kuuliza mambo ya ndege?" nikamwambia.

"Nilikuwa napita."

Dada yake akaniambia lango la kiwanja haliko njia ya kwenda popote.

Lodwar hadi ziwani

Kalokol upepo ulikuwa mkali kuliko jana. Nguzo zenyewe ni turubai zilizojazwa hewa, ndefu kama minara ya simu, na asubuhi hiyo moja iling'oka, ikaviringika mchangani huku watu wakiikimbilia, ikaingia Ghuba ya Ferguson. Wavuvi wakaifuata kwa mashua na kuirudisha wakiikokota kama kiboko. Walishangiliwa kuliko rubani yeyote. Kipaza sauti kikatangaza kwamba tusubiri upepo utulie, na sisi tukaenda kutafuta samaki.

Tulikuwa mbele ya kikaango, samaki wa Achol amegeuzwa upande mmoja tu, injini ikalia. Tulikuwa tumesahau: wa nyuma anaruka kwanza.

Achol alimchukua samaki vilevile. Tulikimbia mchangani, viatu mkononi, Ekal mbele yetu sote akipasua umati kwa viwiko na kusema, "Pisheni, pisheni, ni jamaa yetu!"

Tulimkuta akiingia nguzo ya kwanza. Jamani, simu hainasi mambo haya. Kwenye simu huoni jinsi hewa inavyotetemeka. Alilala ubavu mpaka nikaona mgongo wote wa ile ndege, rangi ya machungwa juu ya maji ya kijani, akazunguka nguzo karibu kabisa, akanyooka, akalala ubavu wa pili. Flamingo waliinuka kule mbali kama mtu amekung'uta shuka. Alipopita mbele yetu mara ya mwisho sauti iliingia kifuani na kukaa humo. Kipaza sauti kikatangaza muda wake, kisha kikanyamaza, kisha kikautangaza tena kana kwamba hakikuamini.

Kilichofuata ni mateso matamu. Rubani mmoja mmoja aliruka, na mmoja mmoja alishindwa kuufikia muda ule. Wa kijani alikata nguzo kwa bawa, turubai likapasuka na kusinyaa, akaadhibiwa. Wa bluu alipanua kona. Kila aliyeshindwa, Ekal alinipiga begani, na mpaka leo bega hili linauma. Akabaki mmoja, wa ndege nyeupe. Achol alifumba macho akaanza kusali kwa Kidinka, na alipofika amina, kipaza sauti kikasema ndege nyeupe imeshinda, kwa tofauti ndogo kama kupepesa jicho.

Neema alikuwa wa pili.

Nilifikiri nitalia, lakini nilipogeuka nilimwona Ekal anarusha kofia hewani. "Kutoka mkia mpaka hapo!" alikuwa anapiga kelele. "Kutoka mkia!"

Baadaye marubani walikuja kwenye kamba kusalimia watu. Neema alipita akipeana mikono, akatupita. Hakutujua, tulikuwa tumeoga. Achol akapaza sauti: "Wewe! Kuja! Kula!" na kumnyooshea kipande cha samaki.

Neema aligeuka kama amepigwa. "Mama wa chai!" Akaruka kamba, akatukumbatia wote watatu, hata Ekal, ambaye alisimama wima kama nguzo. Akala samaki pale pale kwa vidole.

"Leo nilikuwa mwepesi mno," akatuambia. "Hakuna aliyenishika mabawa."

Ekal ndiye aliyeuliza swali, uso umekunjamana kwa wasiwasi wa kweli.

"Asubuhi uliangalia maji kwa mafuta?"

"Mara tatu, kaka yangu."

"Kesho pia uangalie."

Kurudi

Tulirudi na sauti zilizokwaruza. Laga ilikuwa imekauka, mchanga mtupu, huwezi kuamini. Njiani tukaulizana kila mtu amependa wapi zaidi. Mimi nilisema ni pale nilipoona jua chini ya magurudumu. Achol akasema ni pale dereva wa lori alipomaliza kisra na kuuliza kama ipo nyingine. Ekal alibadilisha gia kwanza.

"Ni pale injini ilikubali," akasema. "Ilikuwa inakohoa, halafu ikakubali."

Kakuma tulifika jioni, na habari zilikuwa zimetutangulia. Nadhani zilipanda yale malori ya ng'ambo. Tulipokuwa tunashusha sufuria, jirani mmoja wa Achol alikuja mbio, mikono kichwani.

"Achol! Wewe ulikuwa huko, hukusikia? Ndege ilianguka kwa barabara! Mwanamke mmoja wa Sudan akaishika na mikono yake, akaibeba, akairusha juu, ikaenda!"

Nilifungua mdomo nimsahihishe. Achol akanikanyaga mguu. Akaweka sufuria chini, akanyoosha mgongo, akajipangusa vumbi mabegani.

"Niliona na macho yangu," akasema. "Huyo mwanamke ana nguvu sana."